Lugha Nayo Ina Muraja'a Yake: Miezi Minne Kabla ya Kidato cha Kwanza

Kila mwaka, ifikapo mwezi wa Septemba, maelfu ya watoto wetu wa darasa la saba huweka kalamu chini baada ya Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi. Hurudi nyumbani kwa shangwe, sare hufuliwa na kukunjwa, na daftari hufungwa kwa kamba na kuwekwa juu ya kabati. Tangu siku hiyo mpaka Januari, shule za sekondari zinapofunguliwa, hawana darasa. Ni miezi karibu minne. Kwa hesabu ya mtoto, hiyo ni likizo ndefu kuliko zote alizopata kuziona. Kwa hesabu ya nyumba, umepatikana mkono wa ziada: wa kukaa dukani, wa kumlea mdogo wake, wa kwenda shamba mvua za vuli zinapoanza, wa kusaidia jikoni msimu wa harusi.

Tunamkumbuka binti mmoja wa mtaani kwetu. Alikuwa miongoni mwa wa mwanzo katika darasa lake la saba, na madrasa alikuwa amekwisha kuhifadhi juzuu kadhaa. Januari akaingia kidato cha kwanza kwa sare mpya na dua za ukoo mzima. Haikutimia wiki ya tatu, mama yake akaona kwamba mtoto hasimulii tena habari za shule. Bibi yake alipomdadisi, akaeleza kwamba mwalimu wa Baiolojia alimsimamisha na kumuuliza maana ya neno "photosynthesis". Akabaki kimya, na wenzake wakacheka.

"Na hilo ni dude gani, mjukuu wangu?" akauliza bibi.

Binti akachukua kitabu na kamusi, akasoma ukurasa mmoja kwa muda mrefu. Kisha akasema taratibu, "Kumbe ni usanisinuru, bibi." Na papo hapo akamweleza, kwa kumwonesha jani la mwembe uliopo uani, namna mmea unavyotumia mwanga wa jua, maji na hewa ya kabonidayoksaidi kujitengenezea chakula.

"Sasa ulinyamazia nini, na hali unajua?"

"Sikujua kama najua."

Maneno hayo ya mtoto ndiyo yaliyotufanya tuandike makala hii.

Si upungufu wa akili

Katika shule nyingi za msingi za serikali, Tanzania Bara, mtoto hufundishwa kwa Kiswahili kwa miaka saba, na Kiingereza huwa ni somo moja miongoni mwa masomo. Akivuka kizingiti cha sekondari, mambo hugeuka kwa siku moja: Hisabati, Jiografia, Historia, Fizikia, Kemia na Baiolojia, yote hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Kama utaratibu huo ni wa haki au si wa haki, wataalamu wa elimu na wa lugha wamejadiliana kwa miongo mingi, na mjadala wenyewe haujaisha. Sisi leo hatuingii humo. Mtoto atakayeketi darasani Januari hawezi kusubiri mjadala uishe.

Tunalotaka wazazi walione ni hili: sehemu kubwa ya anayokutana nayo mtoto mwanzoni mwa kidato cha kwanza si mageni kwake. Anaijua kani, lakini hajui kwamba Kiingereza huiita "force". Anaujua mmeng'enyo wa chakula tangu kinywani mpaka utumboni, lakini neno "digestion" humpita kama upepo. Amekwisha kukokotoa mzingo na eneo la mstatili mara nyingi, ila akikuta "perimeter" na "area" katika swali, huliacha wazi swali ambalo angelijibu akiwa amefumba macho. Elimu anayo, majina yake ndiyo hana. Asipopewa majina hayo mapema, huanza kuamini kwamba hana hata elimu yenyewe. Hapo ndipo ukimya huanza. Ukimya huzaa utoro, na utoro huishia katika matokeo ya upimaji wa kidato cha pili, ambayo kila mzazi anayaogopa.

Kwa upande mwingine, kile Kiingereza kidogo alichokipata shule ya msingi hakikai kikimngoja. Miezi minne bila kukisoma, kukisikia wala kukitamka inatosha kukipunguza. Na hili sisi Waislamu tunalifahamu vizuri kuliko tunavyodhani, kwa kuwa tunalishuhudia kila siku katika madrasa zetu.

Njia tunayo tayari

Mtume Muhammad (Swalla Llahu alayhi wa sallam) ametufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba aliyehifadhi Qur'ani ni kama mwenye ngamia aliyefungwa: akimwangalia atabaki naye, na akimwachia atakwenda zake. Kwa sababu hiyo hakuna ustadhi anayempa mwanafunzi somo jipya bila kumdai la jana, la juzi na la wiki iliyopita. Huo ndio muraja'a. Mtoto wetu wa miaka kumi na mitatu ameishi ndani ya utaratibu huo tangu alipoanza alifu na bee. Anajua kwamba kilichosomwa mara moja hakijasomwa, na kwamba aya tano za kila siku hushinda kurasa tano za siku moja zikifuatiwa na mapumziko ya mwezi.

Hatulinganishi maneno ya Mwenyezi Mungu na lugha ya watu. Tunasema tu kwamba kumbukumbu ya mwanadamu ni ile ile, na njia iliyomwezesha mtoto kuhifadhi Juzuu Amma inaweza kumfaa katika lugha yoyote. Mtume (S.A.W.) ametubainishia pia kwamba amali inayopendeza zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa kidogo. Wahenga wetu nao wakasema haba na haba hujaza kibaba.

Basi tuichukue njia hiyo kama ilivyo. Mtoto apewe daftari moja, na kila ukurasa ugawanywe safu mbili: kulia neno la Kiswahili analolijua kutoka vitabu vyake vya darasa la tano, la sita na la saba, kushoto neno la Kiingereza. Aanze na masomo anayoyapenda. Kila siku maneno matano mapya, yasizidi, na kabla ya kuyaandika asome kwa sauti ya jana na ya juzi. Afuate ratiba ya chuo: somo jipya tangu Jumamosi mpaka Jumatano, Alhamisi muraja'a wa wiki nzima, Ijumaa apumzike. Kwa utaratibu huo atapata maneno ishirini na matano kwa wiki, na kwa wiki kumi na sita zilizopo kati ya mtihani na kufunguliwa kwa shule atakuwa na maneno 400. Mtoto anayeingia kidato cha kwanza na majina 400 ya vitu ambavyo tayari anavifahamu hatakaa kimya akiulizwa.

Maneno peke yake hayatoshi, kwa sababu lugha ni sentensi. Kwa hiyo jioni asome aya moja ya kitabu cha Kiingereza kwa sauti. Asianze na kitabu cha kidato cha kwanza, kitamvunja moyo. Aanze na vile vya Kiingereza alivyovisoma darasa la sita na la saba, kisha apande. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania hupatikana pia katika maktaba mtandao ya taasisi hiyo, na simu moja ya nyumbani inaweza kutumiwa na watoto wa jirani pia. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya TUKI, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1996, ni mali ambayo familia mbili tatu zinaweza kuchangia na kupokezana.

Siku yenye shughuli nyingi

Wazazi wengi watatuambia: maneno ni mazuri, lakini nafasi iko wapi? Asubuhi mtoto yuko dukani, mchana madrasa, Jumamosi kuna harusi Kibaha, mwisho wa mwezi tunakwenda Lushoto kwa babu. Tunakubali. Ndiyo maana hatukusema saa tatu kwa siku. Tumesema maneno matano na aya moja, kazi ya dakika ishirini au thelathini, na hizo hupatikana katika nyumba yoyote inayosimamisha swala, kwa kuwa nyumba hiyo imekwisha kugawa siku yake katika vipande vitano. Baada ya Alfajiri, Qur'ani ikishasomwa, yafuate maneno matano. Baina ya Magharibi na Isha, au baada ya Isha, isomwe aya. Jambo lililofungamanishwa na swala halihitaji saa ya ukutani kulikumbusha.

Siku ya harusi mtoto asidaiwe somo jipya. Adaiwe muraja'a tu, hata akiwa amekaa nyuma ya gari. Safari ya kijijini isiwe sababu ya kuliacha daftari mjini. Na akiwa huko kwa babu, aandike kila siku sentensi tatu za Kiingereza juu ya aliyoyaona: ng'ombe aliyezaa, mto uliofurika, mjomba aliyerudi kutoka safari. Sentensi tatu zenye makosa ni bora kuliko ukurasa mtupu.

Shughuli zenyewe pia ni darasa. Mtoto wa dukani huzungukwa na Kiingereza kuanzia chini hadi juu ya rafu: kwenye sabuni, betri, dawa ya meno na pakiti za biskuti. Ajizoeze kusoma maelezo yake pale wateja wanapopungua. Anayeshinda na bibi amsomee maelezo ya karatasi ya dawa, mtu mzima akihakikisha: kidonge kimoja mara ngapi, kabla au baada ya kula. Hapo huona kwamba kusoma ni amana, na kwamba neno moja likisomwa vibaya lina madhara.

Simu ina manufaa na ina hatari yake. Vipindi vya kufundisha matamshi vipo vingi, ila mtoto anayeachiwa simu mchana kutwa kwa jina la Kiingereza hutazama mengine. Mzazi amchagulie kipindi, ampe muda, kisha simu irudi mkononi mwa mwenyewe.

Na hapa kuna jambo ambalo ukurasa huu wa familia hauwezi kulifumbia macho. Katika nyumba zetu nyingi, likizo hii humpata mtoto wa kiume akipelekwa tuisheni, na dada yake aliyefanya mtihani ule ule, pengine akamshinda, akiachiwa ndoo, jiko na mtoto mgongoni. Januari wote wawili huketi katika darasa moja, na mwalimu hamuulizi nani aliosha vyombo. Mtume wetu (S.A.W.) alipotufundisha kwamba kutafuta elimu ni faradhi, hakuwatoa wanawake. Kazi za nyumbani ni malezi mema kwa wote wawili, basi zigawanywe kwa wote wawili, na dakika thelathini za binti zilindwe kama zinavyolindwa za kaka yake.

Anachokijua mtoto wa madrasa

Kuna neema nyingine ambayo wazazi hawaihesabu. Watu wengi wanaojifunza Kiingereza hutaabika na sauti mbili: ile inayoanza neno "think" na ile inayoanza neno "this". Wengine huzigeuza kuwa "s" na "z", wengine "t" na "d". Mtoto wetu aliyefundishwa makhraji hana taabu hiyo. Ya kwanza ni sauti ya herufi thaa, ambayo Mswahili huisikia katika neno thelathini. Ya pili ni dhali, iliyomo katika neno dhahabu. Ustadhi alimkalisha chini akamwonesha ncha ya ulimi inapokutana na meno ya juu. Leo anachohitaji ni kukumbushwa tu kwamba ulimi ni ule ule.

Vilevile afahamishwe kwamba Kiingereza chenyewe kimekopa kutoka lugha anayoisoma madrasa. "Algebra" ni al-jabr, neno lililomo katika jina la kitabu cha mwanahisabati Mwislamu al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad katika karne ya tisa. "Zero" ina asili ya sifr, ambayo kwetu ni sifuri. "Sugar" na sukari, "coffee" na kahawa, "cotton" na kutani la Waarabu, qutn, yote yana nasaba moja. Mtoto anayejua hayo haingii katika somo la hisabati kama mgeni asiyealikwa.

Yapo pia ya kumsaidia asichukulie vivi hivi. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa, na Kiingereza sivyo, kwa hiyo kila neno jipya alisikie likitamkwa kabla ya kulihifadhi. Kiswahili husema "anakuja" bila kubagua mwanamume na mwanamke. Kiingereza hubagua, na ndiyo maana mtoto humtaja mama yake kwa "he" bila kusudi. Makosa ya namna hiyo hayatokani na ujinga. Ni lugha ya kwanza inayomwongoza mtoto katika njia iliyoizoea, naye husahihishwa kwa upole mpaka azoee njia ya pili.

Mzazi asiyejua Kiingereza

"Mimi mwenyewe sikukisoma, nitamfundishaje?" Swali hili tumelisikia mara nyingi, hasa kwa akina mama. Jibu ni kwamba hukutakiwa kufundisha. Umetakiwa kuketi. Wangapi miongoni mwetu walilelewa na mama asiyejua hukumu za tajwidi, lakini aliyekaa kila asubuhi kusikiliza, na sauti ikisita tu akauliza, "Mbona umesimama?" Kwa kusikiliza kwake, watoto wake walihitimu.

Kwa Kiingereza iwe hivyo hivyo. Mtoto asome aya kwa Kiingereza, kisha akueleze kwa Kiswahili imesema nini. Ukiona maelezo yanaeleweka, ameelewa. Ukiona yanababaika, mwambie arudie. Hapo mzazi ndiye mtahini, na hahitaji kujua hata neno moja la lugha ile. Mwezi wa mwisho, ikiwa kuna kaka, shangazi au jirani anayekijua, mtoto ajaribu kueleza kwa Kiingereza yale aliyokuwa akiyaeleza kwa Kiswahili.

Sharti moja ni kubwa: asichekwe. Mtoto akitamka vibaya, na mjomba akasema "huyu naye amekuwa Mzungu", amefunga mlango ambao mwalimu hataufungua kwa mwaka mzima. Katika hadithi, mwenye kusoma Qur'ani kwa kusitasita na kwa tabu ameahidiwa ujira mara mbili. Hatusemi ujira huo ni wa kusoma Kiingereza. Tunasema dini iliyotufunza kumheshimu msomaji anayetatizika imetufunza pia adabu ya kumsikiliza mtoto yeyote anayejifunza.

Hofu ya wazee wetu

Wapo wazee ambao bado husikia neno "Kiingereza" na moyo ukasita, na haifai kuwabeza. Katika zama za ukoloni shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na mzazi wa Kiislamu alihofia mtoto aende kutafuta herufi arudi na dini nyingine. Hofu ile ilikuwa na sababu. Lakini gharama yake tuliilipa kwa vizazi, na juhudi za baadaye za kujenga shule, kama zile za East African Muslim Welfare Society iliyoasisiwa Mombasa mwaka 1945, zilikuwa ni kuziba pengo lililokwisha kupanuka.

Leo hatumtumi mtoto kuchagua baina ya viwili. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alimwamrisha Zayd bin Thabit (Radhiya Llahu anhu) ajifunze maandishi ya Mayahudi, ili aweze kumwandikia na kumsomea barua zao, na Zayd, kama ilivyopokewa na Tirmidhi, akayamudu kwa nusu ya mwezi. Ni Zayd huyo huyo aliyekuja kukabidhiwa kazi ya kuikusanya Qur'ani. Lugha ya wengine haikumpunguzia chochote katika dini yake. Tofauti ya lugha zetu, kama Surat Rum inavyotufahamisha, ni miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu. Kiswahili kitabaki lugha ya nyumba zetu, Kiarabu lugha ya ibada yetu, na Kiingereza kitakuwa ufunguo wa mlango ambao mtoto amekwisha kusimamishwa mbele yake, apende asipende.

Yule binti wa mtaani kwetu hakuacha shule. Bibi yake, asiyejua kusoma herufi za Kizungu, alimwekea mkeka kila baada ya Isha akimtaka amsomee "lile dude la leo", kisha amweleze. Ilichukua karibu mwaka mzima kabla hajaanza tena kunyoosha mkono darasani. Mwaka huo ungeweza kuokolewa na miezi minne iliyoutangulia.

Tumwombe Mwenyezi Mungu awape watoto wetu elimu yenye manufaa, na atuwafikishe sisi wazazi kuketi nao walau dakika thelathini kila siku. Amin.